Mnagombania Sketi, Historia Yake Iko Huku

Evanston, Illinois

Ndugu zangu wa Tanga, na wengine wote mlioko nyumbani,

Mimi mzima, ila baridi imeanza kuuma na zamu za usiku haziishi. Salamu ndefu nitaziandika siku nyingine. Leo nimekasirika, na nikingoja hasira ipoe nitaanza kuwaonea huruma, barua isiandikwe.

Nimeusoma wote ule ugomvi wa kwenye kundi la ukoo kuhusu sketi aliyovaa binti yetu siku ya mahafali. Mjomba kasema enzi zao mambo hayo hayakuwepo, wasichana wote walivaa heshima. Shangazi kaleta dua. Kijana mmoja, simtaji, kasema yote haya ni ya TikTok. Na yule msomi wetu mwenye digrii mbili akatuandikia, kwa herufi kubwa, kwamba hili ni suala jipya kabisa katika jamii ya Kitanzania.

Jipya! Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: marufuku sketi fupi, marufuku mawigi, marufuku krimu za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Tarehe yenyewe haijafika, pale Kariakoo makundi ya vijana yalishaanza kuwavamia wanawake waliovaa mini. Magazeti yakajaa barua za wasomaji, wa kuunga mkono na wa kupinga, na wengine wakiuliza huo utamaduni wa taifa ni upi hasa na nani kaupima. Mjomba, mwaka huo ulikuwa kijana wa Dar es Salaam na suruali yako ilikuwa imekushika mapaja. Usikatae, picha ninayo.

Haya sikuambiwa na mtu wa nyumbani. Nimeyasoma kwenye kitabu cha Andrew Ivaska, Cultured States, kilichotolewa Marekani mwaka 2011, na nimekisomea kwenye maktaba iliyo kando ya ziwa, nikiwa nimetoka kulea wazee wa watu usiku kucha. Mtu wa Ngamiani avuke bahari ndipo ajue kilichotokea Kariakoo. Hilo ndilo lililoniuma.

Na si hicho kimoja. Zamani vitabu vya Wazungu juu yetu vilikuwa vya magavana na mipaka. Hivi vipya vinaingia sebuleni. Laura Fair ana Reel Pleasures, cha mwaka 2018, kitabu kizima juu ya sinema zetu na watu waliokwenda kuzitazama: filamu za Kihindi, foleni za Jumapili, tiketi za ulanguzi, wazee wanavyosimulia walivyolia kwenye Mother India. Ni vile vile alivyokuwa akisimulia marehemu baba, kasoro matusi. Wazee wetu walihojiwa kwa Kiswahili, wakatoa yaliyo moyoni kwa Kiswahili, kahawa ikanywewa. Kitabu kikatoka kwa Kiingereza, kwa bei ambayo nyumbani kwetu ni hesabu ya mwezi.

Halafu kuna kioja cha Emily Callaci. Kitabu chake cha mwaka 2017 kinawahusu vijana waliohamia Dar es Salaam enzi za Ujamaa wakaandika riwaya za bei rahisi, zile za mapenzi na ujambazi zilizouzwa mitaani na kusomwa mpaka zikaachana kurasa. Waandishi walikuwa watu wetu, vitabu vya Kiswahili, wasomaji ni nyie. Leo mwanafunzi wa Tanga akitaka kujua riwaya hizo zilisema nini juu ya jiji, pesa na wanawake, asome Kiingereza cha chuo kikuu. Zenyewe hazipati, kwa sababu mlifungia maandazi.

Sasa nije kwenye picha, maana hapo ndipo nilipokaa zaidi. Chuo Kikuu cha Northwestern kilichopo hapa Evanston kina maktaba ya Afrika iitwayo Herskovits, na ndani yake mna mkusanyo wa Winterton: zaidi ya picha 7,500 za Afrika Mashariki, nyingi za kati ya mwaka 1860 na 1960, zilizokusanywa na Mwingereza mmoja na kununuliwa na chuo mwaka 2002. Zimewekwa kwenye intaneti, bure. Mtu mwenye simu kule Makorora anaweza kuzitazama sasa hivi. Maelezo yake ni ya Kiingereza.

Kuna aina moja ya picha hizo za zamani, zilizotengenezwa ziwe kadi za posta, ambayo nikiiona sipiti haraka. Mwanamke kasimamishwa studio mbele ya pazia lililochorwa nguzo na maua. Kajifunga kanga chini ya kwapa, masikio yamejaa majasi, mkono mmoja uko juu ya mgongo wa kiti ambacho hakuruhusiwa kukikalia. Hana viatu. Zulia limejikunja chini ya kidole gumba, na macho hayatazami kamera, yanamtazama mtu aliye pembeni yake. Chini limechapwa jina la studio, na kwa Kiingereza: mwanamke wa Kiswahili. Basi. Mpiga picha ana jina, mwanamke ni kabila. Prita Meier, katika kitabu chake cha mwaka 2024 juu ya upigaji picha wa pwani yetu, The Surface of Things, anaeleza jinsi picha zilivyokuwa vitu vya kupamba nyumba, vya kupeana, vya kujionyesha kuwa fulani naye yumo duniani, na jinsi wengine walivyopigwa bila ya kuwa na kauli yoyote juu ya sura yao. Nimekipenda kitabu hicho na nimekionea wivu.

Maana bibi yetu angeiona kadi ile angesema mengine. Kanga ile ni ya mtindo gani, majasi yale ni ya mtu wa daraja gani, aliyesimama pembeni pengine ni bwana wake au ni bibi wa nyumba. Msomi hawezi kuyapata hayo maktabani. Bibi hayupo tena, lakini wapo wenziwe wachache, na hakuna anayewapelekea kitabu wakikosoe.

Kwa hiyo nataka jambo moja, na nitalisema mpaka mnichoke. Mtafiti wa kigeni haruhusiwi kufanya utafiti Tanzania bila kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Basi kibali kiwe na sharti: ukichapisha kitabu kwa yale uliyoyachukua kwetu, utaleta toleo la Kiswahili. Sisemi muhtasari wa kurasa mbili unaofungiwa kabatini. Nasema kijitabu cha kurasa themanini hivi, kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na nakala za picha na za sauti za waliohojiwa wakiridhia, vipelekwe kwenye maktaba ya mkoa ule ule ulikofanya utafiti. Si Dar es Salaam. Aliyehoji watu wa Tanga alete Tanga, kwenye maktaba yetu ya mkoa, ile ya King George, na chini ya kila picha isiyo na majina aache nafasi ya kuandika. Asipoleta, kibali kingine hapati, wala mwanafunzi wake hapati.

Najua majibu yenu. Mtasema tutawakimbiza watafiti. Mtu aliyevumilia mbu, foleni za ofisini na mihuri yetu yote hatakimbizwa na mfasiri. Mtasema pesa zitoke wapi. Zitoke huko huko zinakotoka tiketi zake za ndege. Kwenye bajeti ya ruzuku aongeze mstari mmoja wa tafsiri. Na kazi wapewe vijana wetu waliosomea Kiswahili chuo kikuu ambao sasa wanauza vifurushi vya simu. Mtasema Kiswahili hakina msamiati wa mambo hayo. Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi ya kuendesha na bado alipata nafasi ya kumtafsiri Shakespeare, tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Maprofesa wetu wana likizo.

Nao hao nisiwasahau. Sharti liwabane hata zaidi, maana mgeni walau ana udhuru wa ugeni. Anayetaka kupanda cheo kwa kitabu juu ya historia ya watu wa Pangani aonyeshe kwamba mtu wa Pangani anaweza kukisoma. Hivi sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili, na mwalimu wa sekondari anatakiwa kuwaambia watoto kitu. Awaambie nini kuhusu Operesheni Vijana? Awaonyeshe picha gani? Mnampa chaki na uzalendo mnamwambia jitahidi.

Faida kubwa kwangu si kusoma tu, ni kujibu. Kitabu ambacho waliosimuliwa humo hawawezi kukisoma hakiwezi kubishiwa nao. Kinabishiwa na wenzao wa huku, kwenye kumbi zenye viyoyozi, wao kwa wao, na hivyo kinaendelea kuwa kweli. Nataka mzee mmoja wa Chumbageni asimame aseme huyu mama kakosea, foleni haikuwa hivyo, nilikuwepo.

Wala hili si jambo la kigeni kwetu. Hemedi bin Abdallah el-Buhry, mtu wa mrima wetu, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi damu haijakauka. Shaaban Robert wa Vibambani aliandika wasifu wa Siti binti Saad kwa Kiswahili ambacho hata Mama Mdogo anakisoma kwa sauti. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kazi yake juu ya desturi za Waswahili ilichapwa Ujerumani mwaka 1903, na ilichapwa kwa Kiswahili. Wakati wa mkoloni!

Huyu Mtoro namfikiria sana. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa Mjerumani, na walipojaribu kurudi pamoja mwaka 1905 wakoloni wakawakatalia. Akafia huko, mwaka 1927. Yeye alikataliwa. Mimi hakuna aliyenikatalia, tiketi tu, na zamu, na watoto wana shule, na mwakani inshallah. Mama alizikwa nikiwa nimemshika mkono bibi mwingine kabisa, wa kulipwa kwa saa. Kwa hiyo nyamazeni kidogo mnapotaka kuniambia aliyekimbia hana haki ya kufundisha. Nalijua hilo kabla yenu. Nasema hata hivyo, kwa sababu nyie mliobaki mlikuwa na studio pale mtaani tulipopigiwa picha zote za Idi, mwenyewe alipofariki warithi wakauza fremu, masanduku ya negativu yakaenda jalalani, na mlipita mkayaona. Mkanitumia picha ya jalala, mkaniandikia inasikitisha.

Mjomba, kisanduku cha picha za marehemu mama kiko juu ya kabati, chumba cha uani. Nyuma ya kila picha andika majina, mahali, na studio kama unaikumbuka. Kwa penseli, wino unapenya. Usiyemjua muulize Mama Mdogo, na umuulize kabla ya Ramadhani, maana anakwenda Pemba na akienda Pemba harudi upesi. Akija mtafiti yeyote, Mzungu au wa kwetu, apige nakala hapo hapo mezani. Picha zenyewe zisitoke nyumbani. Pesa ya penseli na bahasha nimempa shemeji pamoja na ya dawa zako, na asiseme haikufika, risiti ninayo.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Ngamiani