Mbio za mlimani na kipoyi chetu



Juma hili tunaongea juu ya mbio. Mtatuuliza: sisi na mbio, wapi na wapi? Mwanamke wa huku anatoka shambani na muhogo kichwani, mtoto mgongoni, bidoni ya maji mkononi. Nani amfundishe kupanda kilima? Mna haki. Lakini si miguu ya wakimbiaji tunayotaka muiangalie. Ni watu wanaosimama kando ya njia.

Marathoni ya kawaida ni kilomita 42 na kidogo. Ziko mbio ndefu kuliko hiyo, na nyingine zinapita milimani. Inayojulikana sana inazunguka mlima Mont Blanc. Inaanzia mji wa Chamonix kule Ufaransa, inapita Italia na Uswisi, halafu inarudi palepale. Ilianza mwaka 2003. Njia ni karibu kilomita 170, na ukijumlisha milima yote wanayopanda unapata kama mita 10,000. Mlima Rwenzori, ulio kati yetu na Uganda, una mita 5,109 kwenye kilele chake cha Margherita. Ni kama kuupanda kutoka usawa wa bahari mara mbili. Mwenye mbio sana anatumia kama saa 20. Wa mwisho wanapewa saa 46 na nusu, maana yake usiku mbili bila kulala vizuri.

Afrika pia ina zake. Kamerun, tangu mwaka 1973, watu wanakimbia kutoka mji wa Buea mpaka juu ya Mlima Kamerun, unaopita mita 4,000, na kushuka tena siku ileile. Mwanamke aliyejulikana huko kuliko wote ni Sarah Etonge. Alishinda mara saba, naye ni mama wa watoto saba. Watu wake wakamwita Malkia wa Mlima. Na hapa jirani, Kasese, upande wa pili wa Rwenzori, tangu mwaka 2022 kuna marathoni inayokimbiwa chini ya mlima ule. Kuna kilomita 42 kwa wenye nguvu, na kuna 5 kwa wanaoanza.

Sasa tuangalie kando ya njia. Katika mbio ile ya Mont Blanc, zaidi ya watu 2,000 wanajitolea. Kila baada ya mwendo fulani kuna kituo. Pale kuna maji, supu ya moto, mkate, mahali pa kukaa na muganga. Kuna mtu anayeandika namba ya kila anayepita na saa aliyopita, ili asiyefika kituo kinachofuata atafutwe. Nyuma ya wote kuna watu ambao kazi yao ni kutembea na wa mwisho. Hawamsukumi wala hawamcheki. Wanahakikisha tu kwamba hakuna anayebaki mlimani peke yake. Na sheria inasema wazi: ukimkuta mwenzako ameanguka, unasimama, unamsaidia, unaita msaada. 

Kila mkimbiaji pia anaweza kukaguliwa mfuko wake. Lazima awe na taa, maji yasiyopungua lita moja, chakula kidogo, kitambaa cha kujifunika baridi, filimbi na simu. Hata bingwa asipokuwa na taa anapewa adhabu.

Kuna hadithi mbili za wamama ambazo hatuwezi kuziruka. Mwaka 2018 Sophie Power, mwanamke wa Uingereza, alikimbia mbio ile ya Mont Blanc akiwa na mtoto wa miezi mitatu. Kituoni Italia alikaa chini akamnyonyesha mtoto wake, huku kando yake mkimbiaji mwanaume amelala akipumzika. Picha ile ilizunguka dunia. Watu wakauliza: kwa nini alikimbia mapema hivyo? Sababu ilikuwa sheria. Aliyeumia aliruhusiwa kusogeza nafasi yake mwaka unaofuata. Aliyebeba mimba hakuruhusiwa. Baada ya watu kuiona picha ile na kuongea, sheria ikabadilishwa. Sophie naye alimaliza mbio zake.

Mwaka uliofuata, Januari 2019, Jasmin Paris, mama wa mtoto wa miezi 14, alikimbia kilomita 431 katika baridi kali, kutoka Uingereza mpaka Scotland. Vituoni alikuwa anakamua maziwa. Alitumia saa 83 na dakika 12, akawa wa kwanza kuliko wote, wanaume na wanawake. Nguvu ni zake, hakuna anayebisha. Lakini kila kituo kilikuwa na mlango wazi, moto na chakula. Bila hivyo hata yeye asingefika.

Wamama, hapa ndipo tunapotaka kufika. Sisi pia tuna mbio zetu za mlimani, na zinakimbiwa usiku. Ni kipoyi. Mwanamke ameshikwa na uchungu kule juu, mvua inanyesha, moto haipandi kwa sababu ya matope. Wanaume wanne wanainua miti miwili na kikwembe katikati, wengine wanne wanafuata kuwapokea. Wanatafuta njia ya kituo cha afya, na ikibidi ya hospitali ya Nyankunde. Mbio ile haina medali. Mshindi wake analia mara ya kwanza akiwa mikononi mwa mkunga.

Wauguzi wanatufundisha kwamba mama mzazi anauawa na ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni wa nyumbani: kuchelewa kuamua. Tunangoja baba nyumba arudi, tunangoja mama mkwe aseme, tunangoja kupambazuke. Wa pili ni wa njiani: hakuna wabebaji, hakuna taa, hakuna franga za moto. Wa tatu ni wa hospitalini: kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa tatu unahitaji waganga na serikali. Lakini ule wa kwanza na wa pili uko mikononi mwetu.

Mara nyingi kipoyi chetu kinaanza kutafutwa wakati damu imeshaanza kutoka. Mtu anatumwa kugonga milango. Huyu amesafiri, yule anaogopa usiku, mwingine anauliza atalipwa nini. Hofu ya usiku hatuicheki. Tangu miaka hii ya vita tunajua wote kwa nini mtu anafikiri mara mbili kabla ya kufungua mlango. Ndiyo sababu mambo haya yanapangwa mchana, kwa kichwa kilichotulia, na shefu akijua.

Wenzetu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wenye milima mikali kuliko yetu, walipanga zamani. Wana vikundi vya machela, wanaviita engozi. Kila nyumba ni mwanachama. Ukiitwa kubeba, unaenda. Siku yako ikifika, unabebwa. Vikundi vilevile vinaweka akiba na kukopeshana, kama AVEC zetu. Kwa hiyo hakuna anayeanza kubembeleza saa nane za usiku. Jibu lilishatolewa kabla.

Sisi tunapendekeza hivi, na tunaomba kila kikundi kijadili kabla ya mkutano wa juma lijalo.

Kwanza, kila avenyu ichague wabebaji wanane na majina yao yaandikwe. Wanne wanabeba, wanne wanapokea, wanabadilishana njiani. Kipoyi kimoja kiwekwe nyumbani kwa mtu anayejulikana, siyo kwenye ghala lenye kufuli ambalo ufunguo wake umeenda Bunia.

Pili, kwenye njia za mbali tuchague nyumba za kituo. Mama wa nyumba ile anakuwa na maji ya kunywa, uji, na taa ya kuazima. Na kama mkimbiaji anavyoandikwa, yeye anatuma habari mbele: kipoyi kimepita kwangu saa fulani, mkunga ajiandae.

Tatu, mfuko wa mama mjamzito ukaguliwe na RECO tangu mwezi wa saba: kadi ya CPN, vikwembe viwili safi, nguo za mtoto, sabuni, tochi yenye mawe mapya, na franga kidogo zilizowekwa kando. Anayengoja uchungu ili aanze kutafuta sabuni anafanana na anayepanda mlima bila taa.

Nne, franga. Hapa hatukubaliani wote, na ni vizuri tuongee wazi. Wengine wanasema wabebaji walipwe na familia ya mgonjwa. Sisi tunaona hapana. Familia ikilazimika kutafuta franga kwanza, tumerudisha ucheleweshaji ule tuliotaka kuuondoa. Ni afadhali kila siku ya likelemba tuweke kidogo katika mfuko wa mshikamano, na mfuko ule uwape wabebaji chakula na sabuni wakirudi. Kijana aliyebeba usiku kucha asirudi nyumbani na njaa, lakini asimfanye mwenye uchungu kuwa soko.

Tano, na hili ndilo linalotugusa zaidi: wa mwisho. Kati yetu kuna familia zilizokimbia vita, zikaja hapa bila ndugu. Mwenye ukoo mkubwa atapata wabebaji hata bila karatasi. Aliyefika mwezi jana hajui hata jina la jirani yake, na akishikwa usiku hana mlango wa kugonga. Kila orodha ya wajawazito ianze na hao. Tusisubiri waje kuomba. Twende kwao, tuwaonyeshe nyumba ya kipoyi, tuwape namba ya RECO. Wapo wanaosema wageni wana mashirika ya kuwasaidia. Mashirika hayalali hapa. Tunaolala hapa ni sisi.

Na kila mmoja wetu ashike dalili hizi: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, kifafa, homa kali, maji kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni, uchungu kupita saa 12. Ukiona hata moja, usingoje kupambazuke wala usingoje ruhusa ya mtu. Wababa wanaosomewa karatasi hili wasikie pia: ruhusa itolewe leo, mke akiwa mzima, mbele ya mashahidi.

Wazee walisema mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi, yaani ukiuangalia kwa mbali unauona mwepesi. Ukiuweka begani ndipo unajua uzito wake. Ukiwekwa kwenye mabega manane, unafika.

Juma lijalo kila mwakilishi wa kikundi aje na vitu viwili: majina ya wabebaji wa avenyu yake, na hesabu ya wajawazito wake, wenyeji na wageni pamoja. Atakayekosa kimoja aje hata hivyo, tutakitafuta pamoja.