Maji kwa Kijana, Pingu kwa Mwenye Lori

Kanisani kwetu hapa Gairo kuna watu hawasalimiani, na ugomvi wenyewe ni wa kikombe cha maji na viazi vitatu vya kuchemsha.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja anayeuza viazi kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, mama wa watu, hana makuu, aliona kijana anachomoza kutoka kwenye mahindi. Mrefu, mwembamba, midomo imepasuka kwa kiu. Kiswahili hana. Kaonyesha mdomo kwa kidole. Mama kampa maji, kampa na viazi, kijana kala huku anaangalia nyuma kama mwizi. Baadaye mgambo walimchukua, yeye na wenzake wawili, wakapelekwa polisi.

Jumapili yake mzee mmoja wa kanisa akasimama baada ya ibada, akasema mama yule kavunja sheria. Wale ni Waethiopia, wahamiaji haramu, na kumhifadhi mhamiaji haramu ni kosa. Akafungua Warumi 13, habari za kutii mamlaka. Mama, ambaye siku zote hukaa kimya kwenye benchi la nyuma, akamjibu kwa Mathayo 25, habari za mgeni mwenye njaa na kiu. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Mwenzenu sikai katikati kwenye jambo hili. Ila kabla sijasema niko upande gani, niwakumbushe yaliyotokea hapa jirani, maana naona watu tumesahau upesi mno.

Juni 2012, kijiji cha Chitego, wilaya ya Kongwa. Wanakijiji walikuta porini maiti za watu zaidi ya 40, zimetupwa. Waethiopia. Walikuwa wameshindiliwa ndani ya lori kama magunia ya mahindi, hewa ikawaishia. Wenzao makumi walikutwa hai, hoi. Lori lilikuwa limewashusha wote pamoja, waliokufa na wanaopumua, likaondoka zake.

Jamani, lori si ndege. Lori lenye watu zaidi ya mia lilipita kwenye barabara zetu, kwenye vizuizi vyetu. Hivi kweli hakuna aliyesikia hata mtu mmoja akigonga bodi? Swali hilo nimelibeba miaka yote hii, na sijapata wa kunitua.

Safari yenyewe ni ndefu. Vijana wanatoka kusini mwa Ethiopia, wanavuka Moyale, wanaipita Kenya, wanaingia kwetu kwa njia za panya, wanateremka mpaka Mbeya, halafu Malawi au Zambia, lengo ni Afrika Kusini. Kwao familia imeuza ng'ombe, imekopa, imempa pesa zote mtu wasiyemjua. Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena kule Tete, Msumbiji. Sababu ileile, kukosa hewa.

Na msidhani ni shida ya Afrika peke yake. Oktoba 2019 huko Essex, Uingereza, lori lilifunguliwa wakakutwa Wavietnamu 39 wamekufa. Juni 2022, San Antonio, Marekani, walikufa 53 kwa joto la tela. Nchi zile zina kamera kila kona, zina mbwa wa kunusa, zina kila mtambo.

Lakini kwa Waingereza kuna jambo moja nimelipenda. Januari 2021 mahakama ya London iliwapa vifungo wahusika. Dereva alikula miaka 13 na ushee. Bosi wa malori akapewa 20, na mpangaji mwenzake 27. Mnaona ngazi zile? Adhabu inapanda kadiri unavyomkaribia mwenye mali.

Sasa rudi kwetu, mwezi uleule wa Januari 2021. Rais wa Ethiopia alikuja Chato, na Hayati Magufuli akatangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa wamefungwa magerezani kwetu kwa kuingia nchini bila kibali. Elfu moja mia saba themanini na tisa! Nilifurahi, sitaficha, nikamshukuru Mungu. Halafu nikakaa nikajiuliza: na wenye malori je? Maana hawa hawakuja kwa miguu yao tu. Kuna mtu alipokea pesa, kuna mtu aliwatafutia nyumba ya kulala, kuna mtu aliwasha injini. Ukimfunga kijana asiyejua hata neno "hakimu", unamlisha ugali wa Serikali, na yule tajiri anapakia wengine kesho yake.

Tena tusijifanye watakatifu. Nani hapa hana shemeji au mtoto wa mjomba aliyezamia? Vijana wetu walijificha ndani ya meli bandarini Dar es Salaam, hawajui kama inakwenda Durban au Ugiriki. Wengine hawajarudi mpaka leo na hakuna kaburi. Mama zao wanaomba kila siku kwamba huko waliko wapate mtu wa kuwapa maji. Mei 2008, watu zaidi ya 60 waliuawa Afrika Kusini katika ghasia za kuwapiga wageni, na sisi huku tuliwalaani waliofanya hivyo. Tulisema hawana shukrani, wamesahau kambi ya wapigania uhuru pale Kongwa, wamesahau shule yao ya Mazimbu, Morogoro. Ni kweli, mkoa huu uliwapokea waliokimbia kwao. Sasa mkoa huohuo leo unabishania kikombe cha maji?

Najua mzee wangu atasema Mazimbu ilikuwa kwa ruhusa ya Serikali. Sawa. Nchi ina mipaka na mipaka ina sheria, nami sisemi ifunguliwe kama zizi bovu. Nasema tu mzee kasoma Warumi 13 akaruka Yeremia 38. Humo kuna Mkushi mmoja, Ebedmeleki, mtumishi wa nyumba ya mfalme. Yeremia katupwa shimoni anazama kwenye matope. Huyu Mkushi hakunyamaza, wala hakwenda usiku kumwiba mfungwa. Alikwenda kwa mfalme mchana, akasema waziwazi kwamba mtu anakufa, akapewa ruhusa na wasaidizi, akamvuta Yeremia kwa kamba. Na nguo kuukuu akamteremshia aweke makwapani kamba isimchubue. Mimi hapo kwenye nguo kuukuu ndipo ninapomaliziwa kabisa. Yeye, mgeni wa watu, kawaza hata makwapa ya mfungwa!

Kwa hiyo upande wangu ni huu. Mama hajaficha mtu. Kampa maji barabarani, mbele ya macho ya watu. Mpe maji, mpe kiazi, kisha mwite mwenyekiti wa kitongoji aje, na kijana apelekwe kunakostahili akiwa hai. Wengine wataniambia huko ni kumchoma. Mimi nasema kumwacha porini na kumwacha mikononi mwa mwenye lori ni kubaya zaidi, Chitego ipo.

Na nyie mnaolala karibu na maegesho, usiku ukisikia kugongwa ndani ya tela, usivute blanketi. Toka na jirani yako, paza sauti, piga 112. Anza kwa kutaja namba za gari na upande linakoelekea, maana vijana watakutwa palepale, lori halitasubiri.