MAMBO YA NYUMBANI: Mapambo ya Krismasi Yasiyonunuliwa

Mwezi wa Desemba unapokaribia mwisho, magari yatokayo Nairobi, Nakuru na Mombasa hushusha watu Kisii, Keroka na Nyamira, kila mmoja na mzigo wake. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa radhi na sebule yake tangu Januari, ghafula huziona kuta zake kuwa tupu. Ndipo mtoto hutumwa dukani kununua maua ya plastiki, vibofu vya kupuliza na utepe wa kumetameta. Fedha hizo ndizo zitakazotafutwa kwa taa shule zifunguliwapo Januari, wala hakuna karani wa shule apokeaye utepe badala ya karo.

Wako pia wanunuao karatasi za chooni na kuzitandaza toka pembe hii ya dari hata pembe ile. Hao wana akili kidogo kuliko wenzao, maana sikukuu ikiisha karatasi yaweza kukunjwa na kupelekwa ilikokuwa ikienda tangu mwanzo. Lakini hata hiyo ni ya kununuliwa, na shamba la Mgusii limejaa vitu bora kuliko hiyo.

Tuanze na mgomba. Kila mgomba uliokwisha kuzaa hukatwa, na maganda yake makavu huachwa yaoze au hutupiwa ng'ombe walalie. Maganda hayo yana rangi nzuri, tangu manjano ya asali hata kahawia ya kahawa iliyokaangwa, na hayamgharimu mtu senti moja. Yafaa kuyabandua asubuhi mapema, wakati umande ungali umeyalainisha. Yakibanduliwa saa za jua kali hupasuka ovyo. Kisha yapasuliwe kuwa nyuzi za upana wa kidole, zikaushwe juani kabla ya mvua ya alasiri kufika, na usiku ziwekwe juu ya dari la jikoni, mahali pasipo karibu na moto.

Kwa nyuzi hizo mtoto wa miaka kumi aweza kutengeneza nyota. Atwae vijiti 6 vya mwanzi vilivyolingana urefu, afunge vitatu kuwa pembetatu, na vitatu vingine vivyo hivyo. Pembetatu moja ilazwe juu ya ya pili, ncha zake zikielekea upande mwingine, na kila mahali vijiti vinapopishana pafungwe imara. Baada ya hapo azungushe nyuzi za mgomba juu ya vijiti vyote mpaka visionekane. Nyota ya kwanza itakuwa imepinda. Mzazi asiicheke wala asiifungue usiku ili kuinyosha mwenyewe; mtoto atajua, na nyota ya pili hataitengeneza.

Karatasi nazo zimo nyumbani. Kalenda ya mwaka unaokwisha, madaftari yaliyojaa, mifuko ya karatasi ya unga wa mahindi: vyote hukatwa vipande vya upana wa vidole viwili na urefu wa shibiri moja, vikafanywa pete zilizoshikana kama mnyororo. Vipande 60 hutosha kupita ukuta mmoja wa sebule ya kawaida. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa na maji mpaka ukawa uji mzito. Lakini kwanza baba aulizwe kuhusu madaftari hayo, maana risiti za chai hupenda kulala ndani ya daftari kuukuu. Ndani ya paketi za viazi vya kukaanga mna rangi ya fedha. Zikioshwa na kukatwa nyembamba, hung'aa usiku sawa na utepe wa dukani.

Wale wa Tabaka wana bahati ya pekee. Mafundi wao huchonga katika jiwe laini hata hori la Betlehemu zima, pamoja na ng'ombe na wachungaji, nalo huuzwa mpaka ng'ambo. Vipande vinavyobaki vyaweza kusuguliwa kwa msasa kuwa nyota au njiwa. Jiwe lilowanishwe kwanza, kwa kuwa vumbi lake halifai kifuani.

Sasa mti wenyewe. Msaipresi, uliotoka Mexico na nchi jirani zake, umekuwa ua wa mipaka katika mashamba mengi ya Kisii na Nyamira, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Kwa hesabu ya mwaka 2019 Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576, na mashamba yamegawanywa hata mengine hayafiki ekari moja. Katika nchi ya namna hiyo, mti wa mpakani si mti tu, ni shahidi. Kijana aliyetoka mjini jana, ambaye hajui mti upi ni wa baba yake na upi ni wa jirani, huchukua panga na kukata kilele cha ule ulio mzuri kuliko yote, na kabla ya mwaka kwisha wazee wawili wanasimama mbele ya chifu wakihesabu hatua. Mambo haya huzuiliwa na maneno machache: "Omogaka, naomba tawi moja la ua wetu kwa ajili ya watoto." Tena litoshe tawi la pembeni, kilele kisiguswe.

Tawi likatwe tarehe 23 au 24, wala si mwanzoni mwa mwezi. Lisimamishwe katika ndoo kuukuu ya rangi iliyojazwa mawe na udongo, likanyweshwe maji kila siku. Majani ya msaipresi yana mafuta, na yakikauka huwaka upesi mno. Desturi ya kuwasha mishumaa juu ya mti ilianza Ujerumani, ikazidi kuenea Uingereza baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapa picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka mti wao. Huko nako wenye busara waliweka ndoo ya maji karibu. Nyumbani penye koroboi na watoto wengi, mishumaa isiwekwe mtini kabisa, na taa ikae upande wa pili wa chumba.

Makopo na chupa za dawa za kunyunyizia mimea visitumiwe kwa pambo lolote, hata vikioshwa mara kumi. Mtoto aliyeona chupa mezani siku ya Krismasi hatasita kuinywea maji Januari.

Pamba juu ya matawi ili kuigiza theluji haina maana sana. Weupe ambao watu wa Nyamira wameuona ukianguka toka mbinguni ni mvua ya mawe, nayo hakuna mkulima wa chai aliyepata kuishangilia.

Wageni wakiisha kurudi mjini, tawi hukatwa kuni, maganda ya mgomba hurudishwa kwa ng'ombe, na ndoo hutobolewa chini ipandwe sukuma wiki. Nyota iliyopinda hutundikwa juu ya dari, mahali ambapo mwenyewe aweza kuiona.