Kushika Spana si Aibu

Ipo kasumba iliyoota mizizi miongoni mwa wasomi, kwamba kazi ya mwenye gari ni kulipa, na spana ni ya watu wasiosoma. Kasumba hiyo hugharimu fedha. Mtumishi wa umma ambaye shokapu za nyuma za gari lake zimevuja mafuta hulipeleka kwa wakala, akatozwa bei ya vipuri na, juu yake, malipo ya kazi ambayo angeiweza mwenyewe. Katika pikapu nyingi shokapu ya nyuma hushikwa na bolti mbili tu, ya juu na ya chini. Jeki, stendi imara badala ya matofali, spana na asubuhi moja vyatosha; nazo hubadilishwa zote mbili kwa pamoja.

Lakini kujitegemea si ujuba. Springi ya koili iliyobanwa juu ya shokapu ya mbele ina nguvu ya kuua. Anayefungua nati yake ya juu bila kibanio maalumu anachezea roho yake. Kazi hiyo apewe fundi mwenye zana, naye alipwe haki yake. Mjinga ni yule asiyejua mpaka uko wapi: hulipa pasipostahili, au huangamia pasipo sababu.