Kipindi Kimoja Kibanjani
Mtoto wa Muleba anaujua mnyauko wa migomba kwa macho yake: ndizi zinaiva kabla ya wakati, na shina likikatwa linachuruzika usaha wa manjano. Ugonjwa huo uliingia mkoa wake wa Kagera miaka ya 2000. Darasani, hata hivyo, anakaririshwa sehemu za mmea kutoka ubaoni, na mgomba uko hapo nje ya dirisha! Atolewe nje, aulizwe: kwa nini babu anaondoa ua la mkungu kwa mti wenye panda, si kwa panga? Aachwe abahatishe, akosee, abishane na wenzake mpaka agundue kuwa panga hubeba vimelea. Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Rais Nyerere alitaka shule zijenge akili inayodadisi. Walimu wa Bukoba na Muleba, wiki hii fundisheni kipindi kimoja kibanjani, penye migomba.