Mjerumani Yupi?

Hoja yenyewe ni hii: Boma la Kale, pale Barabara ya Sokoine jijini Dar es Salaam, ni masalia ya Mjerumani, lina joto na limekalia kiwanja cha ghorofa, livunjwe.

Mjerumani yupi? Lilijengwa 1866–67 na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kwa ajili ya wageni wake. Majid alifariki 1870. Wajerumani walikuja baadaye, wakalikuta limesimama. Kumpa Bismarck nyumba ya Majid kunahitaji kipaji.

Joto? Umeme ukikatika, tutaona nani ataanza kujipepea: aliye ndani ya kuta nene za matumbawe na chokaa, au wa maghorofa ya vioo.

Haya, kiwanja. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, liliungua Julai 2021, likakarabatiwa. Boma limekosa nini hata livunjwe kupisha ghorofa?