Rangi Si Pambo: Taswira katika Hadithi za Kigothi

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi anapotakiwa kuhakiki hadithi fupi, taswira huiweka mwishoni, chini ya fani, pamoja na tashbihi na takriri, kana kwamba ni pambo la ukumbini ambalo likiondolewa harusi haiharibiki. Desturi hii ikitumiwa kuzisoma hadithi za Kigothi, yaani zile za makasri yanayobomoka, mauti na hofu, hadithi yenyewe hupotea.

Mathalani, katika "The Masque of the Red Death" (1842) ya Edgar Allan Poe, Mwanamfalme Prospero amejifungia na wageni wake kuikwepa tauni. Vyumba vya karamu ni saba, kutoka mashariki hadi magharibi: cha samawati, cha zambarau, cha kijani, cha rangi ya chungwa, cheupe, cha urujuani na cheusi. Vimepindapinda hata jicho haliwezi kuvitazama vyote kwa pamoja. Ndani hamna taa wala mshumaa. Moto huwaka ushorobani, nyuma ya madirisha ya vioo, na kila kioo kina rangi ya chumba chake. Isipokuwa chumba cha saba: mapazia ni meusi, vioo ni vyekundu kama damu. Wapo wahakiki wanaoviona vyumba hivi kuwa hatua za maisha ya binadamu, na yamkini wamesema kweli, ila wanaiacha rangi upesi mno. Ule mwachano wa nyeusi na nyekundu ndio unaomwonyesha msomaji, kabla mgeni asiyealikwa hajatokea, mahali atakapoangukia Prospero.

Ni kweli kwamba waigaji wa utanzu huu wamejaza kurasa kwa popo na radi zisizo na kazi. Hao wahukumiwe kivyao.

Poe mwenyewe alikwenda mbali zaidi katika "The Oval Portrait" (1842). Mchoraji anamketisha mkewe kijana kwa majuma mengi katika chumba cha mnarani, mwanga ukishuka kutoka juu pekee. Hatambui kwamba wekundu anaoupaka kwenye turubai unatoka mashavuni mwa mkewe. Picha inapokamilika, mke amekwisha kufa. Mhakiki anayeitaja picha hiyo katika sentensi moja ya fani, baada ya kumaliza msuko na maudhui, atueleze kwanza msuko aliouchambua ulikuwa upi.